Dawa Zizuiazo Vijidudu Kusoma Kitabu Chao

Lizaboni, kama wajuavyo wakaao upande wa kusini, ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea. Mtu wa huko, sawasawa na mtu wa mahali pengine po pote katika Tanzania, akikohoa siku tatu hunywa maji ya tangawizi. Akikohoa juma zima huenda duka la dawa. Hapo husema, "Nipe antibaiotiki," kama vile asemavyo, "Nipe chumvi." Hasemi ni ipi, wala ya kazi gani. Twataka katika habari hizi kueleza baadhi ya dawa hizo hufanya nini hasa ndani ya kijidudu, maana watu wengi wenye elimu yao hudhani kwamba dawa huua ugonjwa kama moto uunguzavyo majani, popote ulipo na namna yo yote uliyo. Sivyo kabisa. Kila dawa ya namna hii ina mahali pake pamoja inaposhika, na mahali hapo pakibadilika hata kidogo, dawa haishiki tena.

Mkoa wa Ruvuma una haki ya kutajwa kwanza katika jambo hili. Zamani yalikuwako maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, lakini mengi yalikuwa yakiuza na zile za cheti kwa siri. Mwaka 2003 Serikali ilianza katika Mkoa wa Ruvuma, kabla ya mikoa mingine yote, kuyageuza yawe Maduka ya Dawa Muhimu. Wauzaji wakafundishwa, maduka yakakaguliwa, nayo yakapewa ruhusa ya kuuza dawa kadhaa za cheti, baadhi yake zikiwa antibaiotiki. Basi watu wa Songea wana sababu kuliko wengine ya kujua kilichomo ndani ya kidonge wanunuacho.

Bakteria ni kijidudu chenye chembe hai moja tu. Ndani yake limo daftari moja kubwa liitwalo DNA, ambalo limeandikwa kila jambo kijidudu kinalohitaji: namna ya kujenga ukuta wake, namna ya kula, namna ya kuzaa. Maandishi ya daftari hilo ni ya herufi nne tu. Daftari la kijidudu cha kifua kikuu lilisomwa lote mwaka 1998, likaonekana kuwa na herufi milioni nne na zaidi ya laki nne. Nalo si kurasa zilizoshonwa, bali ni uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Uzi huo ungenyooshwa, urefu wake ungepata kama milimita moja na nusu. Na kijidudu chenyewe ni kifupi kuliko uzi wake yapata mara mia tano. Ajabu ni kwamba umekunjwa humo ndani na bado husomeka.

Daftari lina kazi mbili, na mwalimu atakayewafundisha watoto habari hizi yafaa azitenge vizuri, maana wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni ya kila saa. Mafundi wa kijidudu, wale wanaotengeneza protini, hawalisomi daftari wenyewe. Yuko karani ambaye hulifungua mahali panapotakiwa, akanakili maneno ya mahali pale tu katika karatasi ndogo, na mafundi hufanya kazi kwa kuifuata karatasi hiyo. Karani huyo huitwa polimeresi ya RNA, na karatasi ndiyo RNA yenyewe. Katika mwili wetu sisi karani hukaa katika chumba chake, na karatasi yapelekwa nje kwa mafundi. Katika bakteria hakuna chumba wala mlango, na mafundi huanza kazi karatasi ikiwa bado i mkononi mwa karani. Kazi ya pili si ya kila saa. Kijidudu kitakapo kugawanyika kuwa viwili, hapana budi daftari lote zima linakiliwe, toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, ili kila mmoja apate lake. Bakteria wengine wa matumbo, wakiwa na chakula na joto, hugawanyika kila dakika ishirini. Kile cha kifua kikuu huchukua kama saa ishirini, na hii ni sababu moja ugonjwa huo huja polepole, na mgonjwa huendelea kulima miezi kadhaa akidhani ana mafua.

Sasa tuitazame kazi ya pili, tupate kuona hatari iliyo ndani yake. Twamwomba msomaji achukue kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa, aufunge mwisho mmoja penye mti usizunguke, kisha ashike nyuzi mbili za mwisho wa pili na kuzitenga, moja kulia na moja kushoto. Mwanzo zitaachana kwa urahisi. Baada ya kitambo ataona kwamba sehemu ya mbele inazidi kukazana, inajikunja, inafanya mafundo, mpaka haitengeki tena. Jambo hili mwalimu aweza kulionyesha darasani kwa kamba ya katani na mguu wa meza. Ndivyo iwavyo kwa DNA inapofunguliwa ili inakiliwe. Kama pasingekuwako msaada, kijidudu kisingezaa hata mara moja.

Msaada uko. Yuko mfunguaji wa kamba aitwaye jairesi, aliyegunduliwa mwaka 1976. Kazi yake ni ya kutisha: huikata kamba nyuzi zote mbili, huipitisha sehemu nyingine ya kamba katika mkato huo, kisha huiunga tena kama ilivyokuwa. Hivyo mkazo hupungua na kunakili huendelea. Dawa za ukoo wa siprofloksasini, ambayo watu huiita "sipro", humshika mfunguaji huyu katika dakika ileile amekwisha kukata na hajaunga. Humshikilia hapo hapo. Basi daftari hubaki limekatika, na mikato ikiwa mingi kijidudu hufa. Twaona kwamba dawa hii haimzuii tu fundi kufanya kazi yake, bali humgeuza kuwa mharibifu wa nyumba aliyowekwa kuilinda.

Asili ya ukoo huo yapendeza kuisimulia. Wataalamu wa Marekani walikuwa wakitengeneza klorokwini, dawa ya malaria ambayo wazee wote wa Songea huikumbuka kwa uchungu wake na kwa mwasho wa ngozi. Katika kuitengeneza walipata mabaki fulani yasiyotakiwa, wakayajaribu, wakaona yanaua bakteria. Kutoka hapo, mwaka 1962, ikatangazwa asidi ya nalidiksiki, nayo ndiyo bibi wa siprofloksasini iliyokuja katika miaka ya 1980. Klorokwini yenyewe Tanzania iliiacha mwaka 2001 kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vimelea vilikuwa vimekuwa sugu.

Zaweza kutajwa nyingine kwa upesi. Septrin hukinyima kijidudu vitu vya kutengenezea herufi za daftari, kama mwandishi aliyenyimwa wino. Metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, huivunja-vunja DNA ya vijidudu vikaavyo mahali pasipo hewa ya oksijeni. Lakini iliyo kubwa kupita zote kwa nchi yetu ni rifampisini, nayo humshika karani.

Mwaka 1957 udongo ulichukuliwa katika msitu wa misindano karibu na pwani ya kusini ya Ufaransa, ukapelekwa Milano, Italia, katika maabara ya kampuni ya Lepetit. (Msomaji aliyewahi kupita Wino, katika mkoa wetu huu, ameiona misindano.) Katika udongo huo mlikuwa na kijidudu ambacho hutoa sumu ya kuwaua wenziwe. Wataalamu waliiita sumu hiyo kwa jina la mchezo wa sinema ya Kifaransa iliyopendwa wakati ule, *Rififi*, na ndiyo asili ya jina "rifa". Haikufaa kunywewa hivi hivi, wakaigeuza-geuza mpaka mwaka 1965 wakapata rifampisini.

Karani wa bakteria ana umbo la kaa aliyefumbata uzi wa DNA katika magando yake, na karatasi ya RNA hutoka kwa tundu jembamba. Rifampisini huingia na kukaa kando ya njia ya karatasi. Karani huandika herufi mbili au tatu, na karatasi haina pa kupita. Huitupa, akaanza upya. Herufi mbili, tatu, akakwama tena. Yafanana na mashine ya kusaga iliyozibwa mdomo: injini yanguruma na unga hautoki. Mafundi hukaa bila agizo, na kijidudu hufa. Karani wa mwili wa mwanadamu hushikwi na rifampisini, maana umbo lake pale mahali ni jingine, na hiyo ndiyo sababu mgonjwa hunywa dawa na kijidudu ndicho kifacho. Virusi vya mafua havina karani wa namna hii hata kidogo. Kwa hiyo amezaye antibaiotiki kwa ajili ya mafua huwaua bakteria wengine mwilini mwake wasio na kosa, na virusi vyenyewe havina habari.

Tuseme na neno la rangi, kwa kuwa limewafanya watu waache dawa. Rifampisini ni nyekundu ya matofali, nayo huupa mkojo, jasho na machozi rangi ya chungwa. Si damu, wala figo hazikuharibika. Jambo jingine, dawa hii huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja dawa nyingine kwa upesi, hata vidonge vya kuzuia mimba hupoteza nguvu, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU hubadilishiwa kipimo. Yampasa mgonjwa amwambie daktari kila dawa anywayo, hata ile ya mitishamba.

Twafika sasa penye moyo wa habari yetu. Daftari la herufi zaidi ya milioni nne likinakiliwa, makosa hayakosi. Mara chache sana herufi moja huandikwa vibaya. Ikiwa kosa limeangukia mahali palipoandikwa umbo la karani, na hasa sehemu moja fupi ya herufi 81, basi karani azaliwaye humo ana umbo lililopotoka kidogo pale pale rifampisini inapokaa. Yeye aweza kuandika kama kawaida, lakini dawa haimshiki. Katika vijidudu vya kifua kikuu vilivyo sugu kwa rifampisini, zaidi ya 90 katika kila 100 vina kosa katika herufi hizo 81. Ndipo ilipowezekana kutengeneza kipimo cha mashine ya GeneXpert, kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ambacho huyatazama makohozi na kusoma sehemu hiyo kwa muda wa saa mbili hivi.

Watu husema vijidudu "vimeizoea" dawa. Neno hili lapotosha, kwani msikiaji hufikiri ni kama mlevi azoeavyo pombe. Kijidudu hakijifunzi. Aliyekosewa herufi huwako kabla ya dawa kufika. Dawa huwaua wenziwe wote tu, na kumwachia shamba.

Na tupige hesabu. Kijidudu kimoja katika kama milioni mia hutokea kikiwa sugu kwa rifampisini. Kimoja katika milioni moja hivi kwa isoniazidi, ambayo hupiga ukuta wa kijidudu wala si daftari. Katika shimo la pafu la mgonjwa aweza kuwa na vijidudu milioni mia, au zaidi. Mpe isoniazidi peke yake: watasalia mia moja. Mpe rifampisini peke yake: labda atasalia mmoja, na mmoja atosha. Lakini mpe zote mbili pamoja, na wa kusalia lazima awe na makosa mawili kwa bahati moja, yaani mmoja katika milioni mia zilizozidishwa mara milioni. Vijidudu vya hesabu hiyo havimo katika kifua cha mtu ye yote. Waingereza walipoijaribu streptomisini peke yake, na matokeo yakatangazwa mwaka 1948, wagonjwa walipata nafuu kubwa, kisha wengi wao vijidudu vikawa sugu na ugonjwa ukarudi. Tangu hapo haikubaliwi kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu kwa dawa moja. Leo dawa nne huwekwa katika kidonge kimoja, ili mgonjwa asipate hata nafasi ya kuchagua aitakayo na kuiacha isiyompendeza.

Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii, jambo ambalo vitabu vya shule havilitaji mara nyingi. Kabla ya rifampisini, mgonjwa alitibiwa miezi 18, na wengi walichoka njiani. Kuanzia mwaka 1970 madaktari wa Baraza la Uchunguzi wa Tiba la Uingereza, pamoja na wenzao wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, walijaribu matibabu ya miezi sita. Wagonjwa waliotibiwa kwa streptomisini na isoniazidi tu, zaidi ya robo yao ugonjwa uliwarudia. Walioongezewa rifampisini, uliwarudia watu wapatao 3 katika 100, sawa na wale wa miezi 18. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972. Makohozi ya watu wetu ndiyo yaliyouonyesha ulimwengu kwamba mwaka mmoja mzima waweza kukatwa katika tiba hii.

Ila rifampisini ilikuwa ghali, na woga ulikuwako kwamba ikitapanywa itaharibika. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa Tanzania mwaka 1977, Dokta Karel Styblo, mzaliwa wa nchi ya Cheki, alisaidia kuupanga, na baadaye ikaamriwa rifampisini itolewe miezi miwili ya kwanza tu, na mgonjwa aimeze mbele ya macho ya mhudumu kila siku, kisha dawa za bei rahisi miezi sita. Hesabu za wagonjwa ziliandikwa katika vitabu kila wilaya, nani amepona, nani ametoroka, nani amekufa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo ukawa mfano kwa nchi nyingi. Leo rifampisini hutolewa miezi yote sita, bila malipo. Kwa ukoma, kijidudu chake ni cha kupunguza mwendo zaidi, na rifampisini hunywewa mara moja tu kwa mwezi pamoja na dawa nyingine.

Turudi dukani. Yule mtu wa Lizaboni akohoaye, tuseme amepewa siprofloksasini ya siku tano. Ikiwa ana kifua kikuu na hajui, dawa hiyo humpa nafuu kidogo, kwa maana kijidudu cha kifua kikuu nacho kina jairesi. Nafuu hiyo ndiyo madhara. Kwanza humchelewesha kwenda kupimwa, naye aendelea kuwakoholea watoto nyumbani. Pili, ni dawa moja peke yake, na hesabu ile ya hapo juu yaanza kufanya kazi katika herufi za mfunguaji wa kamba. Wale ambao kifua kikuu chao ni sugu kwa rifampisini hutegemea sana ukoo huu wa dawa. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambayo imewatunza wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, ilianza mwaka 2009 kuwatibu wenye kifua kikuu sugu, na siku zile tiba ilipita mwaka mmoja na nusu, kwa sindano ambazo ziliwaharibu wengine masikio. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lashauri tiba ya vidonge kwa miezi sita, na mojawapo ya vidonge hivyo ni moksifloksasini, ndugu wa siprofloksasini. Muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu aliyefundishwa vema hamuuzii antibaiotiki mtu akohoaye majuma mawili au zaidi. Humwelekeza akapime makohozi. Mteja akimkasirikia, wazee wa mtaa na wamtetee muuzaji.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa rifampisini huwakwamisha makarani mara moja, ya nini miezi sita? Jibu ni kwamba baadhi ya vijidudu hulala. Kijidudu kilicholala hakilifungui daftari, hakinakili, hakigawanyiki. Karani amekaa kimya na kamba haijavutwa, na dawa haina cha kuzuia. Huamka kwa vipindi vifupi, saa kadhaa, kisha hulala tena. Sifa ya rifampisini ni kwamba humwahi karani katika kipindi hicho kifupi, lakini lazima iwemo mwilini siku kijidudu kiamkapo, na hakuna ajuaye ni siku gani. Mgonjwa hupata nguvu baada ya mwezi mmoja au miwili, hula, hurudi shambani. Walalao bado wamo.

Kuufupisha muda huo kumejaribiwa tena. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa nchi nyingi, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwao, ambamo wagonjwa wa kifua kikuu kisicho sugu walitibiwa miezi minne tu. Mahali pa rifampisini iliwekwa ndugu yake rifapentini, ikaayo mwilini muda mrefu zaidi, na mahali pa ethambutoli ikawekwa moksifloksasini. Yaani karani na mfunguaji wa kamba walishikwa wote wawili kwa wakati mmoja. Waliopona kwa miezi minne hawakupungukiwa na wale wa miezi sita, na Shirika la Afya Duniani likaikubali tiba hiyo kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Lakini haifai kwa mtu ambaye vijidudu vyake vimekwisha kuwa sugu kwa ukoo wa siprofloksasini.